Fonti nene zilizolala: acheni kubonyeza tu kile kitufe cha I

Yaani mimi na hizi fonti nene zilizolala, zisizo na serifu (vile vijimkia vya kwenye ncha za herufi), zile za kwenye jezi na mabango ya mbio za magari, hatuachani leo wala kesho. Unene unapaza sauti, mlazo wa kwenda kulia unatia mwendo, ukiweka vyote pamoja neno moja linajaza bango zima. Tatizo mtu anakuja anaandika aya nzima nayo, tena saizi ndogo, afu anashangaa mbona haisomeki. Hizi ni za vichwa bana, matundu ya ndani ya a na e yamebanwa makusudi, ukizipunguza yanaziba unabaki na madoa meusi.

Na cha kuchekesha, italiki, yaani herufi za mlazo, haikuzaliwa kupiga kelele kabisa. Aldus Manutius kule Venice alikuwa anachapa vitabu vidogo vya kubeba mkononi, mwaka 1501 akatoa mashairi ya Virgil, yule mshairi wa Roma ya kale, kwa herufi za mlazo alizochonga Francesco Griffo, nyembamba na za upole tu. Herufi za chapa bila serifu tumekuja kuziona 1816, za William Caslon IV wa London, tena kubwa tupu, ndogo hazikuwepo.

Ukitaka kuona inavyofanya kazi angalia kazi za msanii Barbara Kruger, picha nyeusi na nyeupe, juu yake utepe mwekundu na maneno machache meupe ya fonti Futura Bold Oblique, yaani Futura nene iliyolala, basi. Logo ya Supreme, wale wa nguo, imechota hapo hapo. Futura yenyewe ya Paul Renner ni ya 1927 na bado haijazeeka.

Sasa kinachonikera. Fonti haina italiki yake, mtu anabonyeza kile kitufe cha I cha kulaza maandishi, programu inazisukuma herufi pembeni hivyo hivyo. Ikuze ile O uone: unene umehamia juu kulia na chini kushoto, kwingine imekonda, yaani imevutwa. Mchora fonti anayejua kazi hairuhusu hiyo, anarudi kusawazisha kila mkunjo kwa jicho hata kama mlazo ni wa nyuzi 12 tu kama wa fonti ya Helvetica. Na kwenye herufi nene kosa linaonekana toka mbali. Brauza nazo zina huo mchezo, faili la italiki lisipopakiwa inajitengenezea ya kwake kimya kimya, weka font-synthesis: none kwenye CSS, ule msimbo wa mwonekano wa tovuti, uikomeshe.

Kingine, ukiweka neno la herufi hizi ndani ya boksi, zilaze na kingo za boksi kwa pembe ile ile ya herufi, zikisimama wima neno linaonekana linataka kutoka nje. Mabano na alama za mtajo nazo zikague kwa mkono, herufi kama f inaegemea kulia na kuzigonga, ongeza nafasi kidogo hapo ila kwingine kote zibane tu.