Siku moja maishani mwangu: kupima masikio katika wodi ya saratani

Saa 1 asubuhi. Ninafika hospitalini, hapa Dar es Salaam, kabla foleni haijajaa, kwa kuwa saa hii ndiyo chumba cha kupimia huwa kimetulia kuliko wakati mwingine wowote. Kabla ya kumpokea mtu yeyote najipima mwenyewe: navaa hedifoni, nasikiliza milio kuanzia hetsi 250 hadi 16,000 (hetsi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde; ikizidi, mlio huwa mwembamba zaidi), kisha nalinganisha na matokeo yangu ya jana. Yakitofautiana sana, mashine haitumiki mpaka ikaguliwe. Feni na kiyoyozi navizima, jambo ambalo kwa joto la jiji hili ni adhabu kwangu na kwa mgonjwa pia, lakini mvumo wake hufunika sauti nene.

Saa 2. Wanaingia wagonjwa wa kwanza, wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Wanatibiwa kwa mionzi pamoja na sisplatini kila wiki. Dawa hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, imeokoa watu wengi, nami sina ugomvi nayo. Ila ikishaingia katika sikio la ndani inaweza kukaa humo miezi, hata miaka, ikiua seli zenye vinyweleo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Kila sikio lina takriban seli 15,000 tu za aina hiyo, na za binadamu zikifa hazioti tena. Kuku amejaliwa zaidi yetu, kwani zake huota upya.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Leo tena milio?”

“Leo tena, mama. Ukiusikia hata kwa mbali, bonyeza.”

Kwanza nachungulia sikio, maana nta iliyoziba huweza kuharibu kipimo kizima, kisha namwacha asikilize. Nisipokuwa na kipimo cha kabla ya dozi ya kwanza, hivi vya baadaye hupungua thamani sana, kwa sababu mwanamke wa miaka 60 huenda alikuwa amekwisha kupoteza sauti nyembamba kwa umri tu. Kwa hiyo kila mmoja nalinganisha na yeye mwenyewe wa mwanzo, si na jirani yake wa kitandani.

Saa 4. Hapa ndipo penye kiini cha utafiti wangu. Kipimo cha kawaida cha usikivu huishia hetsi 8,000. Koklea, ule mfereji wa sikio la ndani uliojiviringa kama konokono, hupokea sauti nyembamba karibu na mlango wake na sauti nene ndani kabisa kwenye ncha, na sisplatini huanza kuharibu mlangoni. Maana yake ni kwamba mgonjwa anaweza kupewa karatasi inayosema anasikia vizuri ilhali juu ya hetsi 8,000 seli zake zinaendelea kufa. Kwa maoni yangu, hospitali inayotoa dawa hii na kupima mpaka hapo tu inasubiri habari ya msiba uliokwisha kutokea.

Kwa waliochoka mno kubonyeza kitufe natumia njia aliyoifungua David Kemp mwaka 1978, alipoonyesha kwamba sikio lenyewe hutoa sauti. Naingiza kifaa kidogo sikioni, napiga milio miwili kwa pamoja, mmoja wa hetsi 4,000 na mwingine wa 4,880, na seli zikiwa hai kipaza sauti hunasa mlio wa tatu, wa hetsi 3,120, ambao sikuupiga mimi. Kila ninapouona kwenye skrini bado nafurahi.

Saa 7. Chakula, haraka.

Saa 8 mchana. Kikao na madaktari wa saratani. Kigezo chetu ni cha Marekani, cha mwaka 1994: usikivu ukishuka desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) katika mlio mmoja, au 10 katika milio miwili inayofuatana, au majibu yakipotea katika milio mitatu mfululizo, tunahesabu kuwa dawa imegusa sikio. Mgonjwa mmoja amefikia kigezo hicho. Kaboplatini, dawa ya jamii moja na sisplatini, huumiza masikio kidogo zaidi, lakini huelemea uboho unaotengeneza damu, naye damu yake tayari iko chini. Thiosulfeti ya sodiamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kukinga masikio, ni ya watoto ambao saratani yao haijasambaa, kwa hiyo haimhusu. Tunakubaliana aendelee na sisplatini baada ya kuelezwa yote, kwa kuwa saratani huua na uziwi hauui. Naikubali hoja hiyo, ila si kama kisingizio cha kutomwambia.

Saa 10 jioni. Namweleza mgonjwa huyo na binti yake: zungumzeni mkitazamana, zima redio wakati wa maongezi, na masikio yakianza kuvuma mniambie siku hiyo hiyo. Binti anauliza kuhusu shimesikio, yaani vifaa vya kusaidia kusikia. Namjibu kwamba tutavizungumzia upotevu ukifika kwenye sauti za maongezi, na kwamba vipimo vitaendelea hata baada ya dozi ya mwisho, kwa kuwa usikivu huweza kushuka baadaye. Anaandika tarehe ya kurudi nyuma ya kadi ya kliniki.