Makasha 50 ya plastiki bila kalibu ya chuma

Nilihitaji makasha 50 ya kufunikia saketi, na kila niliyemwuliza alinipa jibu moja kati ya mawili: chongesha kalibu ya chuma, au chapisha yote kwa printa ya 3D. Yote mawili yalinikera. Kalibu ya chuma hugharimu maelfu ya dola, na fedha hizo hurudi ukitoa vipande kwa maelfu, si 50. Printa nayo ingekesha siku nyingi, halafu kila kasha litoke na mistari na lipasuke palepale tabaka zinapokutana. Mimi nilichapisha kasha moja tu la kielelezo, nikalitengenezea kalibu ya silikoni, nikawa namimina humo resini ya poliurethani, plastiki ya majimaji inayoganda ikichanganywa na kigandishi chake. Makasha yote yametoka na ninajivunia.

Kielelezo kipigwe msasa mpaka kiwe laini kabisa, maana silikoni hunakili hata alama ya kidole.

Kilichonitoa jasho ni silikoni yenyewe. Nilichagua ile inayogandishwa kwa platinamu kwa sababu karibu haisinyai na hudumu. Kufungua kalibu, nje imeganda vizuri kabisa, lakini pale ilipogusa kasha ni utelezi mtupu unaonata. Ushauri ukamiminika: umekosea vipimo vya kuchanganya, ongeza kigandishi, iache siku nyingine. Nilikuwa nimepima kwa mizani, na kama vipimo vingekuwa na kasoro, kalibu nzima ingekataa kuganda, si ngozi ya ndani peke yake! Mchawi alikuwa kielelezo. Kilichapishwa kwa resini inayogandishwa kwa mwanga, na mabaki ya resini hiyo hulemaza platinamu. Salfa hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo jihadhari na udongo wa kufinyangia wenye salfa na glavu za mpira wa asili.

Kielelezo kipya nilikiosha kwa alkoholi ya isopropili, nikakikausha, nikakirudisha kwenye taa ya urujuanimno, nikakiweka kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa kadhaa, kisha nikakipulizia vanishi ya akriliki. Kabla ya kumwaga chochote nilidondosha silikoni kidogo kwenye kona isiyoonekana. Iliganda kavu, nikashangilia peke yangu. Silikoni inayogandishwa kwa bati haina usumbufu huu, ila husinyaa na kuchakaa mapema.

Sasa mapovu. Wengi watakuambia utikise kalibu au umimine taratibu kutoka juu kwa uzi mwembamba. Hiyo inapunguza tu. Dawa ni mtungi wa shinikizo, yaani chombo kinachojazwa hewa iliyobanwa: resini ikiganda ndani yake, mapovu hubanwa mpaka jicho lisiyaone. Lakini hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyenidokezea, nililing'amua kwa kufikiri kabla ya kumimina: silikoni nayo igande ndani ya mtungi huohuo, kwa shinikizo lilelile. Ukiigandisha nje, mapovu yaliyojificha kwenye kuta zake yatabonyea siku ukiitia kwenye mtungi, na kila kasha litatoka na vipele. Yangu yalitoka laini mithili ya kioo. Usizidishe shinikizo kuliko kipimo kilichoandikwa kwenye mtungi, ukipasuka unaua.

Poliurethani haipatani na maji. Unyevu kidogo tu huifanya itoe kaboni dioksidi na kuumuka. Vijiti vya mbao na vikombe vya karatasi hubeba unyevu, hivyo nilikorogea kwenye plastiki, na kopo la resini nililifunga mara tu baada ya kumimina. Vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke, maana kigandishi chake kina isosianeti inayodhuru mapafu.

Kalibu moja ya silikoni huzaa takriban vipande 20 hivi kabla kingo hazijaanza kumeguka na mshono, yaani mstari wa pale vipande vya kalibu vinapokutana, kunenepa. Ndiyo maana kielelezo sikukitupa: kalibu zilizofuata zilitoka kwenye kielelezo hichohicho, na kasha la mwisho linafungana na mfuniko wa la kwanza bila kuguswa na tupa.