Kutoka Bait al Falaj hadi Mirbat, nikiifuata Strikemaster

Muscat nilifikia kwa ami yangu, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Oman miaka ya 1970, baada ya Sultani Qaboos kushika utawala. Nyumbani kwake Kiswahili ndicho cha sebuleni na cha jikoni. Nilipomwambia nataka kuziona ndege za vita za zamani, hasa Strikemaster ya Waingereza, alichukua funguo za gari. "Tuanzie Ruwi, mwanangu. Huko ndiko zilikokuwa zikitua."

Ruwi ya leo ni mabenki, maduka na foleni za magari. Kumbe kabla uwanja wa Seeb haujaanza kazi mwaka 1973, bonde hilohilo ndilo lililokuwa kiwanja cha ndege cha Muscat. Milima ya mawe makavu imelibana kila upande. Nilisimama pale nikaitazama, nikawaheshimu marubani wote waliowahi kushuka humo. Ngome ya Bait al Falaj bado ipo, imejengwa 1845, enzi za Sayyid Said bin Sultan, yuleyule aliyehamishia makao yake Unguja. Sasa ni makumbusho ya majeshi ya Sultani.

Strikemaster niliikuta hapo, ndogo kuliko nilivyoiwaza. Waingereza waliitoa kwenye Jet Provost, ndege yao ya kufundishia marubani, ndiyo maana viti vyake viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, cha mwalimu na cha mwanafunzi. Wakaitia injini yenye nguvu zaidi, bunduki mbili za rashasha, na mahali pa kuning'iniza mabomu na roketi chini ya mbawa. Kwa jeshi changa lilikuwa jambo kubwa: ndege ya darasani ndiyo hiyohiyo ya vitani. Oman ilianza kuzipokea mwishoni mwa miaka ya 1960. Kenya nayo ilinunua 6 mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye baadhi zikahamia Botswana. Ami hakujua habari ya Kenya. Aliizunguka ile ndege upya, akiitazama kama jamaa aliyegundua undugu naye.

Wakati wa vita vya Dhofar, vya majeshi ya Sultani dhidi ya waasi wa kusini mwa Oman, marubani wengi walikuwa Waingereza, wengine wameazimwa na jeshi lao, wengine kwa mkataba, na matengenezo yalitegemea mafundi wa kampuni ya Airwork. Hilo lisifichwe. Nchi ndogo iliponunua ndege ilinunua pia utegemezi wa miaka mingi, hadi vijana wake walipojifunza kurusha na kutengeneza wenyewe.

Nilipanda basi la Salalah, mji mkuu wa Dhofar. Ni zaidi ya kilomita 1,000, na sehemu kubwa ni jangwa tambarare lisilo na cha kutazama. Kabla ya kushuka milima ya Dhofar unapita Thumrait, penye kambi ya jeshi la anga. Kamera niliiacha mkobani. Hapo ndipo zilipokaa ndege za vita za Hunter ambazo Jordan iliipa Oman mwaka 1975, kisha Jaguar, zilizotengenezwa na Uingereza pamoja na Ufaransa, zilizoanza kufika 1977 na kustaafishwa 2014.

Baada ya Thumrait dunia inageuka. Ilikuwa Julai, na kusi, upepo uleule tunaoujua pwani yetu, hupandisha mawingu kutoka baharini hadi yakafunika milima. Manyunyu, nyasi mbichi, ngamia barabarani. Wenyeji huuita msimu huo kharif.

Mirbat iko mashariki ya Salalah, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Tarehe 19 Julai 1972 waasi zaidi ya 200 waliushambulia mji huo alfajiri, wakiwakabili Waomani wachache na askari 9 wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza. Mawingu yalikuwa chini kama niliyoyakuta mimi. Strikemaster ziliruka kutoka Salalah, zikapita chini ya wingu juu ya bahari, zikashambulia kwa kimo cha chini mno huku zikipigwa risasi kutoka ardhini. Nilipoiona nafasi iliyobaki kati ya wingu na paa za nyumba, niliamini kwamba udogo na wepesi wa ile ndege ulikuwa na thamani kubwa asubuhi ile.

Anayetaka kupaona aende Julai au Agosti, na chumba Salalah akiweke mapema, kwani msimu huo Ghuba nzima huhamia huko kufuata baridi.