Nasomea Siasa, Sigombei Kiti

Saa kumi na moja alfajiri, Nyalenda. Majirani hawajafungua redio, kwa hiyo ndio wakati wa kunakili mahojiano ya juzi. Dakika moja ya sauti hunila dakika saba, na nane kama kuna jogoo aliyewika karibu na simu. Watu wakisikia nafanya uzamili wa sayansi ya siasa huniuliza nitagombea wadi gani 2027. Sigombei. Nachunguza jinsi wakazi wa wadi nne, kati ya 35 za Kaunti ya Kisumu, wanavyoshirikishwa kupanga bajeti, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kungoja watu.

Saa mbili kasorobo niko sokoni Kibuye. Kuna kanuni ambayo hakuna mhadhiri aliyenifundisha: humhoji mchuuzi kabla hujanunua kitu. Nikapimiwa gorogoro ya omena, ya tatu mwezi huu. Mama akatia sahihi fomu ya ridhaa juu ya gunia, akasema, "Nyathina," yaani mwanangu, "uliza haraka, wateja wanakuja." Je, amewahi kuhudhuria kikao cha bajeti? Mara moja. "Walisoma makaratasi kwa Kiingereza, tukapewa soda na mkate, tukaandika majina. Baadaye sirikal ikasema tumekubali."

Sirikal ni serikali kwa Kijaluo, na neno hilo hunitoa jasho. Mara ni kaunti, ambayo ndiyo yenye masoko, mara ni chifu, ambaye ni mtumishi wa serikali ya taifa. Hata watoza ushuru bado wanaitwa kanjo, ilhali mabaraza ya miji yalizikwa kaunti zilipoanza 2013. Halafu kuna ile ngazi ya Sherry Arnstein ya 1969, ya kupima wananchi wanashirikishwa kiasi gani, yenye vidato vinane, ambayo kila anayesomea ushirikishwaji wa umma lazima aipande. Kidato cha chini kabisa ni kuwachezea watu shere huku wakidhani wanashirikishwa. Soda na mkate vikae wapi? Nimeandika cha kwanza, nikafuta. Nikaandika cha tatu, cha kupewa taarifa, nikafuta tena, maana taarifa usiyoielewa ni kelele tu.

Saa nne na nusu nina miadi na diwani. Msaidizi wake alikagua kibali changu cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kama mtu aliyeshikishwa noti bandia, akanirudishia. "Mheshimiwa yuko njiani, madam."

Saa tano alikuwa njiani. Saa sita alikuwa njiani, lakini njia nyingine, kwa sababu kulikuwa na matanga. Kwenye benchi tulikuwa tisa, wote wakitaka basari, msaada wa karo, isipokuwa mimi. Mzee mmoja wa makamo ya babangu akaona kalamu yangu. "Binti yangu, hebu nijazie hii, macho yangu hayaoni vizuri." Nikajaza. Aliyefuata akanyoosha yake bila kusema neno. Ya tano ilipofika, mama aliyeingia kutoka nje alinisalimu kama mfanyakazi wa ofisi na kuniuliza kwa nini tunachelewesha pesa. Nikamweleza mimi ni mwanafunzi. Akanitazama kutoka viatu hadi kichwani. "Umri huu?"

Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari ni ya serikali ya taifa. Fomu zote tano nilizojaza zilikuwa za sekondari. Nilimuuliza mzee, kwa upole, kama anajua basari hii inatoka serikali gani. Akacheka. "Hiyo itakayomrudisha mtoto darasani." Nimeiandika hivyo hivyo. Ni data, ingawa sikuwa nimewasha kinasa sauti na sina sahihi yake ya ridhaa, kwa hiyo haitaingia kwenye tasnifu, na hilo limeniuma siku nzima.

Sijui ilikuwa saa ngapi joto lilipozidi na simu yangu ikabaki na asilimia kumi na moja. Nilikunywa maji, nikala ndizi mbili, nikasinzia nikiwa nimekumbatia omena, na nadhani harufu yake ndiyo iliyonipa nafasi pana kwenye benchi.

Mheshimiwa alifika saa tisa na nusu. Tuliongea dakika sita. "Zima hiyo kitu," akasema kuhusu simu, nikaizima. Alinitajia kifungu cha 196 cha Katiba bila kuulizwa, kile kinacholitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi, akasema hapa kwake kinatekelezwa kikamilifu. Nikauliza vikao huendeshwa kwa lugha gani. Akaegemea kiti, akatabasamu. "Kwani wewe unataka kiti changu?"

Matatu, foleni Kondele, nyumbani. Nilipika, nikaoga, nikafungua kompyuta. Msimamizi wangu alikuwa amerudisha sura ya nne. Amesifu jedwali moja. Kando ya dondoo la mama mwingine wa Kibuye, nililolitafsiri kwa Kiingereza wiki iliyopita kwa uangalifu wote niliokuwa nao, ameuliza: serikali ipi?

Alhamisi narudi sokoni kumuuliza. Na ile gorogoro ya kwanza hata nusu haijafika.