Daftari la oda na mafua ya Bobini

Paka wangu Bobini jina alilipata wiki ya tatu tangu aletwe, siku aliyoiba bobini ya cherehani na kuikimbiza uvunguni hadi uzi wote mweusi ukazunguka miguu ya meza. Kabla ya hapo hakuwa na jina. Bibi alikataza. "Kinyama cha kufa kesho hakipewi jina," alisema, na kwa kukitazama kinyama chenyewe tu usingembishia. Mwanangu alimtoa soko la samaki ndani ya boksi la sabuni, macho yote mawili yamegandana kwa tongotongo, pua imeziba, anahema kwa mdomo kama mtu aliyepanda kilima cha Mtanda na ndoo ya maji kichwani.

Nilimfuta kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni. Jicho la kulia lilifunguka siku ya pili, la kushoto siku ya nne. Nikasema kapona. Kumbe mafua ya namna hii hayaondoki, yanalala tu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Lindi mjini, upande wa Rahaleo. Chumba cha mbele ndicho kiwanda, na kazi kubwa ni sare: sare za harusi, sare za kumcheza mwali, sare za vikundi vya kina mama. Bobini analala kwenye tenga la vipande, vile vinavyobaki baada ya kukata. Wateja wanamjua. Wengine wanamuulizia kabla ya kuulizia gauni.

Sasa nije kwenye lile jicho la kushoto, maana wengi mnaniuliza lina nini.

Mjomba analima korosho Ng'apa. Msimu wa kupulizia ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, akishapata salfa yake ya chama cha msingi anaishusha uani kwetu, anasema ikikaa shambani ina miguu. Mwaka ule mfuko mmoja wa kilo 25 ulitoboka, uani kote kukawa kunanuka kiberiti. Na wiki hiyohiyo tulikuwa na shughuli, mtoto wa dada yangu anatolewa mwali. Wageni kutoka Ruangwa, wageni kutoka Nachingwea, ngoma hadi alfajiri, watu wamelala mpaka chini ya meza ya kukatia. Bobini alihamia juu ya kabati, akawa anashuka usiku wa manane tu, kama mdaiwa.

Wageni wakaondoka. Siku chache baadaye nikasikia chafya. Moja, mbili, tano mfululizo. Kesho yake jicho la kushoto limefumba nusu, linatoa machozi, na kile kikope cha ndani kimejitokeza. Sote tukasema: salfa hiyo. Mjomba mwenyewe akasema salfa hiyo, akaja kuomba radhi kwa paka.

Nikaenda duka la dawa. Muuzaji akaniuliza dawa ya nani, nikasema ya mtoto. Niliona haya kusema ya paka, huku foleni imejaa watu wenye wagonjwa kweli. Akanipa matone ya shilingi 3,500, akasema haya yanatoa wekundu upesi. Sitamlaumu yeye peke yake, nilimdanganya. Na wekundu ulitoka upesi kweli, siku mbili tu. Siku ya tano kioo cha jicho kikawa na ukungu, kama glasi iliyokuwa na maziwa ikasuuzwa vibaya.

Daktari wa mifugo aliyekuja ni kijana, nimemshonea suruali mbili. Aliomba kwanza kile kichupa. Akasoma maandishi madogo, akakiweka mezani polepole. "Mama, hii ina steroidi." Akanieleza kuwa steroidi inatuliza uvimbe ndiyo maana wekundu unapotea, lakini inatuliza na askari wa mwili. Kama kuna kirusi jichoni kinabaki na uwanja wake, na kama kioo cha jicho kimechubuka, kidonda kinazidi kulika.

Kisha akatoa kijikaratasi chembamba chenye ncha ya rangi ya chungwa, alichopewa na mwenzake anayetibu macho ya watu. Akakilowesha kwa tone la maji ya chumvi, akakigusisha ndani ya kikope cha chini, mimi nimemshika Bobini ndani ya taulo, kichwa tu nje. Chozi likageuka kijani, kijani cha ule uzi wa kung'aa ninaoshonea makoti ya bodaboda. Akasuuza, tukafunga dirisha, akamulika kwa tochi ya mwanga wa bluu. Palipokuwa pazima pakabaki peusi. Palipochubuka pakawaka. Niliona mstari mwembamba uliopinda, wenye vitawi, kama mshono wa mwanafunzi wangu wa kwanza. Na katikati, vitawi vimeungana vikawa kidonda kimoja kipana. Ile sehemu pana ndiyo kazi ya matone yangu.

"Salfa inawasha," akasema, "ila haichori matawi. Hiki ni kirusi cha herpesi."

Nikatazama chini. Neno hilo hapa kwetu watu wanalijua kwa gonjwa la zinaa, halitajwi mbele ya wakwe, na bibi alikuwa mlangoni. Kijana akacheka. Ya paka ni ya paka, akasema; haimpati mtu, haimpati mbwa. Bibi akajibu kwamba yeye hakusema kitu.

Tulitupa yale matone. Tukapewa mafuta ya macho ya antibayotiki yasiyo na steroidi, kiasi cha punje ya mchele, mara nne kwa siku. Hayaui kirusi, yanazuia bakteria wasiingie kwenye kidonda. Kwa ajili ya kamasi iliyokuwa imegeuka ya kijani akampa doksisaiklini, na hapo alinisimamia kama mwalimu: kidonge hicho kikikwama kwenye koo la paka kinaunguza, kinaacha kovu, basi kila baada ya kidonge nimpe maji mililita tano kwa sirinji isiyo na sindano, taratibu, pembeni mwa mdomo. Dawa ya kirusi chenyewe ambayo paka anaivumilia inaitwa famsiklovia. Tuliulizia Lindi, tukapiga simu Mtwara, wiki ile hatukuipata. Asiklovia, ile ya watu, ipo kila duka, nami nikashauri hiyo. Akanikanya: vidonge vile kwa kirusi cha paka ni dhaifu, halafu vinamharibia uboho. Ndugu yake valasiklovia ndiyo inamuua paka kabisa. Akanikanya na panado pia, maana najua alishayaona hayo majumbani. Kidonge kimoja cha panado kinatosha kumzika paka.

Jicho lilichukua wiki tatu. Limebaki na kiwaa kidogo cheupe, chini, upande wa pua. Anaona.

Jambo lililonifungua akili lakini halikuwa dawa. Daktari aliniuliza: yalianza lini? Mimi tarehe nazijua kwa njia moja tu, daftari la oda. Vipimo, jina, siku ya kuchukua nguo, na pembeni naandika chochote kinachonipita kichwani: deni la umeme, bei ya zipu, "Bobini chafya". Tukalifungua. Sare za mwali zilichukuliwa Ijumaa, chafya nimeziandika Alhamisi iliyofuata. Siku sita. Nikarudi nyuma kurasa. Mwezi wa tatu, "Bobini jicho", na siku tisa kabla yake mafundi walikuwa juu ya paa wanagonga mabati. Kabla ya hapo tena, tulipomfungia jikoni kwa sababu ya msiba, siku saba.

Daktari hakushangaa. Paka akishaambukizwa, kirusi kinajificha kwenye mshipa wa fahamu wa uso, na karibu paka wanane katika kumi wanabaki nacho maisha yao yote. Kikilala hakuna kipimo cha macho wala cha pua kitakachokiona. Paka akitikiswa, iwe kwa wageni, kuhamishwa, kuzaa na kunyonyesha au mwenzake mgeni, kinaamka. Hakiamki papo hapo: ni kati ya siku 4 na 11 baadaye ndipo anaanza kukitoa kwenye machozi, kamasi na mate, na anaweza kuendelea kukitoa hadi siku 13. Dawa za steroidi nazo zinakiamsha. Nilipigia mstari zile namba kwa chaki ya kukatia, alama ipo mpaka leo.

Na kuna jambo ambalo nililielewa vibaya, likanigharimu. Paka anaweza kukitoa akiwa hana hata chafya moja.

Kifungo nilimwokota mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, paka mchanga wa wiki sita hivi, mweusi wote na doa jeupe la duara kifuani. Jina lilijileta. Bobini alikuwa macho makavu, manyoya yanang'aa, nikaona hakuna neno, wakala sahani moja tangu siku ya kwanza. Sikufikiri kwamba kwa Bobini mgeni ni Kifungo. Siku ya kumi na mbili kitoto kikaanza mafua. Paka hali kwa macho, anakula kwa pua. Pua ikiziba hata samaki mbichi ni kama jiwe kwake. Nilimlisha kwa sirinji siku nzima na usiku. Hakufikisha wiki. Bibi alimfunga kwenye kipande cha kanga yake, siyo kipande cha tenga, kanga aliyoichana yeye, tukamzika chini ya mpapai. Sikumsikia akisema lile neno lake la majina.

Tangu hapo nyumba ina utaratibu, wanafunzi wangu wanauita sheria za Bobini.

Paka mgeni anakaa choo cha nje wiki mbili, na sahani yake, na anahudumiwa wa mwisho. Mikono inaoshwa kwa sabuni, maana kirusi hiki kinasafiri kwa vidole vyetu na nguo zetu kuliko kwa upepo. Hakina nguvu nje ya mwili, penye unyevu kinaweza kufika saa 18, pakikauka kinakufa mapema, na jiki iliyozimuliwa inakimaliza. Tenga la vipande linaanikwa juani kila Jumatatu. Vya kufutia macho ni vipande vya pamba nilivyovichemsha, kimoja kwa jicho moja kisha kinatupwa. Natoka kona ya ndani kwenda nje, maji ni nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tongotongo likiwa gumu naliloweka kwanza. Ukilibandua kavu unabandua na ngozi.

Akiziba pua, naweka beseni la maji ya moto sakafuni, tenga pembeni yake mbali na mkono wake, nafunika vyote kwa kanga dakika kumi. Bibi alitaka tuongeze ile dawa ya kuchua yenye mkaratusi, ndivyo alivyotulea sisi. Hapana. Mafuta ya namna hiyo ni sumu kwa paka. Tulibishana siku mbili, mwishowe mvuke ukabaki wa maji matupu. Chakula nampa kibua aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu, na mchuzi wake ukiwa wa vuguvugu, ule wa kunukia mpaka jirani anajua. Asipokula siku mbili napiga simu, kwa sababu paka asiyekula mafuta yake yanahamia kwenye ini, na hapo unakuwa na magonjwa mawili.

Shemeji wa Dar aliniletea kopo la unga wa laisini, kirutubisho, akasema ndiyo tiba ya kisasa ya kirusi hiki. Ilikuwa ya kisasa kweli, zamani kidogo. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti zote zilizokuwepo, wakahitimisha haizuii wala haitibu. Kopo ninalo, najazia vifungo.

Chanjo ipo, ile inayokusanya herpesi na magonjwa mengine mawili ya paka. Si ile ya kichaa cha mbwa tunayopangia foleni. Haimzuii paka kuambukizwa, ila akiugua anaugua kidogo. Tulichanga watu watano wa mtaa huu, daktari akaagiza, ikaja na basi ndani ya kibebeo chenye barafu, na paka wote wakachanjwa mezani kwangu siku moja. Kelele zake nisizielezee. Na ndiyo, siku ya nane Bobini akapiga chafya mbili.

Ijumaa hii jirani wa ukuta anatoa mwali mabinti wawili, nguo zao nimeshazikunja. Mjomba ameambiwa salfa ipitilize Ng'apa. Bobini nimemhamishia chumba cha bibi tangu juzi, tenga lake, sahani yake na shati langu chafu ndani, maana daktari anasema harufu aliyoizoea inamtuliza kuliko maneno. Kwenye daftari, kuanzia Jumanne ijayo mpaka Jumanne ya pili yake, nimeandika pembeni ya kila siku: jicho la kushoto.

Bibi ameshaingia kulala. Namsikia huko ndani akimwambia mtu asogee.