Natafuta kitelezi cha kumiksi nikiwa nimefumba macho: kumbukumbu ya mradi wangu

Wiki ya 1

Mradi huu ulianza kwa swali la mwimbaji. Tulikuwa chumbani tunamalizia wimbo wa tatu, mimi mbele ya kompyuta nachora mstari wa sauti yake kwa mausi, nukta kwa nukta, napandisha neno hili na kushusha lile. Alinitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Kaka, hapo unanisikiliza au unaniangalia?"

Nilisimamisha wimbo, maana ni kweli nilikuwa namwangalia. Macho yangu yalikuwa kwenye umbo la wimbi la sauti, na kila kilele kilichojitokeza nilikikata kabla sijasikia kama kweli kinaumiza sikio.

Usiku ule nilizima skrini nikasikiliza ubeti wa pili mara tatu mfululizo. Maneno mawili niliyokuwa nimeyashusha kwa sababu yalionekana makubwa ndiyo yaliyobeba uchungu wa ubeti mzima. Nilitaka kuyarudisha palepale, mkono ukanyooka gizani ukakosa cha kushika. Ilibidi niwashe skrini, nitafute traki (mstari wa sauti moja iliyorekodiwa), nikuze picha, nianze tena kuchora. Mpaka nafika huko, kile nilichokisikia kilikuwa kimeshanitoka.

Kwa hiyo natafuta kidhibiti: kifaa cha mezani chenye vitelezi (vishikio vya kusukuma mbele na nyuma ili kubadili kiwango cha sauti), nobu za kuzungusha na vitufe, kinachoiamuru programu ya kurekodia. Niseme mapema, kwa kuwa zamani nami nililichanganya hili, kwamba kidhibiti si miksa. Sauti haipiti ndani yake hata kidogo. Kinachotoka ni namba tu: kitelezi cha pili kiko hapa, kitufe fulani kimebonyezwa. Hakitaufanya wimbo usikike vizuri zaidi kwa chenyewe. Kitakachobadilika ni namna mkono wangu unavyofika kwenye wimbo, na hicho ndicho ninachokihitaji.

Nimejiwekea kipimo kimoja: je, naweza kukitumia nikiwa nimefumba macho?

Wiki ya 2

Kabla ya kulinganisha vifaa nimeweka karatasi pembeni ya mausi. Kila nikifanya kitu wakati wa kumiksi, yaani kuziwianisha sauti za wimbo, naweka alama: kucheza na kusimamisha, kurudi nyuma, kusogeza sauti ya traki moja, kusogeza traki kadhaa kwa pamoja, kufungua plagini (programu ndogo ya kuirekebisha sauti), kupeleka sauti kushoto au kulia, kuzima traki.

Nilidhani plagini zitaongoza. Zilizoongoza kwa mbali ni kucheza, kusimamisha na kurudi nyuma. Kisha ikafuata sauti ya traki moja, na karibu kila mara traki hiyo ni ya mwimbaji. Kusogeza traki nyingi kwa pamoja hutokea zaidi siku ya kwanza ya wimbo, ninapotafuta uwiano wa ngoma, besi na gitaa, halafu hupungua sana. Kupeleka sauti kushoto na kulia nafanya mara moja tu, kisha nasahau.

Namshauri yeyote anayefikiria kununua kidhibiti aanze na karatasi hii. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutamani mashine ya vitelezi vinane na nobu zilizozungukwa na taa, na karatasi inaniambia kwamba kazi yangu ni ya namna nyingine.

Wiki ya 3

Rafiki anayepiga gitaa ameniazima kidhibiti chake kidogo: vitelezi vinane vifupi, nobu nane, vitufe vya kucheza na kurekodi, umeme wote kupitia waya wa USB. Hakina mota ya kuvisogeza vitelezi vyenyewe.

Siku ya kwanza nilifurahi kweli. Nikaweka ngoma kwenye vitelezi vitatu, besi kimoja, magitaa mawili, sauti mbili, nikafumba macho, na kwa mara ya kwanza nikasogeza besi na kiki (ngoma kubwa ya mguu) kwa wakati mmoja, vidole viwili vikienda kinyume. Mausi haiwezi hilo. Uwiano uliokuwa unanichukua jioni nzima ulikaa sawa ndani ya wimbo kucheza mara nne.

Siku ya pili nikafungua wimbo mwingine. Vitelezi vilibaki palepale nilipoviacha jana, ilhali traki za wimbo huu zilikuwa na viwango vyake. Nilipogusa kitelezi cha mwimbaji, sauti yake iliruka ghafla hadi kilipokuwa kitelezi. Programu nyingi zina dawa ya hili: kitelezi hakifanyi kitu mpaka kipite kwenye kiwango cha traki, ndipo kinainasa. Inasaidia, lakini sasa nasogeza kitelezi na hakuna kinachotokea, nasogeza tena, hakuna, mpaka nitazame skrini kujua kiwango kilipo. Kwa hiyo macho yamefumbuka tena.

Kuna jambo la pili, nalo lilinichukua muda kulielewa. Ujumbe wa kawaida wa MIDI, lugha ya vifaa vya muziki na kompyuta iliyoanza kutumika mwaka 1983, una thamani kuanzia 0 hadi 127. Tuseme kitelezi kinasimamia desibeli 72 (kipimo cha ukubwa wa sauti) na tuzigawe sawasawa: kila hatua inazidi nusu desibeli. Kwenye gitaa la nyuma sijali. Kwenye neno la mwisho la mwimbaji linalofifia, nilikuwa nasikia ngazi mahali nilipotaka mteremko.

Nimekirudisha kwa shukrani. Kwa mtu anayeanza kila wimbo upya na kuumaliza siku hiyohiyo, kifaa kama kile kinatosha kabisa.

Wiki ya 4

Wiki ya kusoma. Nimekaa na miongozo ya watengenezaji na sasa naielewa historia kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Mackie walitoa kifaa kilichoitwa HUI kwa ajili ya programu ya kurekodia ya Pro Tools, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafuata Logic Control, waliyoitengeneza pamoja na Emagic, waliokuwa na programu ya Logic, kisha Mackie Control. Mazungumzo kati ya mashine hizo na programu yamegeuka kuwa lugha ya wengi: vidhibiti vingi vya leo, hata vya makampuni mengine, hujifanya Mackie Control ili programu ivitambue. Programu za REAPER, Cubase, Logic, Live na Ardour zote zinaielewa itifaki hiyo, yaani lugha hiyo ya mashine. Pro Tools ndiyo iliyobaki na HUI, pamoja na EuCon, itifaki nyingine, kwa vifaa vya Avid vyenyewe, ambao ndio wenye Pro Tools.

Uzuri wa itifaki hii ni kwamba kitelezi hakitumi ujumbe ule wa hatua 128. Kinatuma ujumbe wa kupinda sauti, ule unaotumiwa na gurudumu la kinanda, ambao una nafasi ya thamani 16,384. Vifaa vingi havizitumii zote, lakini hata 1,024 zikigawanywa kwenye zile desibeli 72 zinatoa hatua ndogo kuliko sikio langu linavyoweza kutambua. Kwa kuwa kila kitelezi kinahitaji chaneli yake ya MIDI, vitelezi vinane na kile cha jumla vinachukua chaneli tisa. Mashine kubwa nyingi zina vitelezi hivyo tisa.

Jambo dogo lililonifurahisha: skrini ya Mackie Control inatoa nafasi ya herufi 7 kwa kila traki. Nina traki inayoitwa "sauti kuu mara ya pili iliyosafishwa".

Wiki ya 5

Nimekata boksi.

Nilichukua vipimo vya mashine ya vitelezi vinane vyenye mota, nikakata kadibodi ya ukubwa uleule, nikachora vitelezi kwa kalamu, nikaiweka mezani kwa siku sita. Kadibodi ilikalia mahali pa kibodi, kibodi ikasogea mapajani. Nikajaribu kuisukuma mbele, spika zikanizuia. Spika zangu na kichwa changu vinafanya pembetatu yenye pande sawa, na nimehangaika sana kuipata. Nikisogea nyuma ili kuipa kadibodi nafasi, besi inabadilika kwa sababu nimehamia sehemu nyingine ya chumba. Kufikia siku ya nne nilikuwa naipindua kadibodi na kuweka kibodi juu yake.

Mwenye meza kubwa, au anayerekodi bendi nzima na kumiksi traki 40, ningemwambia achukue vitelezi vinane bila kusita. Behringer X-Touch na PreSonus FaderPort 8 ziko kwenye kundi hilo, na SSL UF8 ni ya ngazi ya juu zaidi. Mimi meza imeshanijibu.

Nilijaribu pia tableti, ambayo tayari ninayo, kwa programu inayotumia OSC, itifaki iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Inabadilika upendavyo na inafaa sana ukiwa mbali na kompyuta na kinasa sauti (maikrofoni) kiko mbele yako. Lakini kioo hakina ukingo wa kuushika. Kidole kikihama kidogo sijui kama bado kiko kwenye kitelezi. Imeshindwa kipimo cha macho ndani ya dakika moja.

Wiki ya 6

Uamuzi: kitelezi kimoja chenye mota, urefu wa milimita 100, kinachotambua mguso, na vitufe vya kucheza na kurudi nyuma kando yake. Aina ziko kadhaa: FaderPort ya PreSonus, X-Touch One ya Behringer, Platform Nano ya iCON, UF1 ya SSL. Nilichagua ile ambayo vitufe vyake vimeachana vya kutosha kwa vidole vyangu na ambayo ina kitufe cha kukifungia kitelezi kwenye traki moja, hata nikichagua nyingine kwa mausi. Hicho cha pili ndicho kilichoamua. Nataka kuweza kufungua kompresa (plagini ya kubana sauti) ya besi huku kitelezi kikibaki kwa mwimbaji.

Wiki ya 8

Kimefika. Kinahitaji adapta yake ya umeme, kwa kuwa mota inataka nguvu zaidi kuliko inayotoka kwenye waya wa USB. Kwenye programu nilikiongeza kama Mackie Control, nikachagua mlango wa kuingia na wa kutoka. Wa kutoka ndio watu husahau, kisha wanashangaa mbona vitufe vinafanya kazi na mota haisogei: programu inapaswa kukijibu kifaa.

Kitufe cha kucheza hakikufanya kitu mwanzoni. Nikafungua kidirisha kinachoonyesha ujumbe wa MIDI. Kwenye itifaki hii kitufe cha kucheza ni noti ya 94, kusimamisha 93, kurekodi 95. Kwangu ilikuwa inakuja namba nyingine kabisa, maana kifaa kilikuwa bado kwenye hali nyingine. Nikakizima, nikakiwasha huku nimeshika kitufe kilichotajwa kwenye mwongozo, 94 ikaja, wimbo ukacheza.

Tatizo la pili lilinitia hofu kwamba nimeletewa kibovu. Nilikuwa nasukuma kitelezi, nacho kinanirudisha, kama mtu anayeshindana nami. Kumbe nilikuwa nakisukuma kwa ukucha. Kichwa cha kitelezi kinatambua ngozi, kwa kuwa mwili hupitisha umeme. Ukucha hakiuhisi, kwa hiyo programu ilidhani hakuna mtu na mota ikakirudisha mahali pake. Nilipokigusa kwa nyama ya kidole kilitulia mkononi mara moja.

Wiki ya 9

Sasa naandaa wimbo upya kabla ya kumiksi. Nimekusanya traki kwenye mabasi manne (njia zinazobeba traki kadhaa kwa pamoja) juu kabisa ya mradi: NGOMA, BESI, GITAA, SAUTI. Majina mafupi, yanaenea kwenye herufi 7. Uwiano wa ndani ya ngoma nafanya kwa mausi siku ya kwanza, na hapo, nakiri, vile vitelezi vinane vya kuazima navikumbuka. Baada ya hapo nina vitu vinne tu vya kuhamia, na naviruka kwa vitufe viwili bila kutazama.

Mota inasikika. Si kelele kubwa, lakini nikirekodi gitaa la mbao mita moja kutoka mezani, kinasa sauti kinaisikia ikijipanga. Otomesheni, yaani programu kurudia yenyewe misogeo ya kitelezi iliyoandikwa, naizima wakati wa kurekodi, na kifaa kimekaa juu ya kipande cha sponji.

Wiki ya 10

Mwimbaji alirudi jana. Nilifungua ule ubeti wa pili, nikafuta otomesheni yote niliyoichora kwa mausi, nikabakiza mstari mnyoofu. Skrini nikaizima. Otomesheni niliiweka kwenye hali ya mguso: programu inaandika tu kidole kikiwa juu ya kitelezi, kikiondoka inarudi kwenye kilichokuwepo.

Mara ya kwanza nilichelewa kila mahali. Mkono ulikuwa unaitikia neno likiwa limeshapita. Mara ya pili nikaanza kusikiliza pumzi yake kabla ya neno, na kidole kikaanza kupanda pamoja na pumzi. Mara ya tatu sikugusa kitu mpaka mstari wa tatu. Yale maneno mawili niliyaacha yalivyo, nikanyanyua kidogo tu lile linalofuata, ambalo anaimba kwa sauti ya chini sana na ambalo kwenye skrini lilionekana si kitu.

Nilipomaliza hakusema neno. Aliomba ubeti urudiwe, nami nikarudisha wimbo nyuma kwa kidole, skrini ikiwa bado imezimwa.

Bado swichi ya mguu, ya kuanzisha kurekodi nikiwa nimeshika gitaa. Tundu lake liko nyuma ya kifaa, na swichi ya kinanda changu cha zamani inaingia. Nitaijaribu Jumamosi.