Nilivyopanga Upya Kabati Langu Tulipohamia Kyaliwajjala

Niliposema tu kwamba tunahama Old Kampala, karibu na katikati ya mji, kwenda Kyaliwajjala, pembezoni mwa Kampala, kila mtu aligeuka mshauri wa mavazi. Wenzangu ofisini, tunakoshughulikia karatasi za mizigo inayopanda kutoka Mombasa, waliniambia ninunue nguo mpya kwa sababu huko kuna majumba na watu wenye magari. Wifi yangu alipiga simu kutoka Kisauni, Mombasa, kuniambia nigawe kila nguo ambayo sijaivaa mwaka mzima. Mwingine akasema kule bado ni kama shamba, nitavaa chochote. Hakuna aliyeniuliza lami inaishia wapi, na mimi nasema hilo ndilo swali la kwanza la mtu anayehama Kampala, kabla ya mtindo, kabla ya rangi, kabla ya majirani.

Lami yetu inaishia kwenye steji ya boda. Kuanzia hapo ni murram, ule udongo mwekundu wa barabara, mpaka langoni. Kiangazi ni vumbi linalopanda mpaka kwenye kope. Mvua zikianza, Machi hadi Mei, kisha tena kuanzia Septemba, ni tope linaloshika kiatu na kukataa kuachia. Old Kampala nilikuwa nashuka ngazi, nakanyaga lami, naufuata mteremko wa pale Msikiti wa Taifa, nimefika kazini. Buibui langu lilikuwa linafagia chini miaka yote na hakuna kilicholipata. Kwa hiyo kabati lote, langu, la baba watoto na la watoto, lilikuwa limejengwa juu ya lami.

Nilichofanya nakisimulia kwa fahari kwa sababu sikufundishwa na mtu. Tulipokwenda kulipa kodi ya mwanzo, nilichota udongo wa pale barabarani, nikautia kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, nikarudi nao Old Kampala. Jioni nikaulainisha kwa maji kidogo ukawa uji mzito. Kisha nikatoa nguo moja moja, nikaigeuza, na kwa ndani ya pindo, mahali pasipoonekana, nikapaka udongo kiasi cha sarafu. Niliacha zikauke usiku kucha. Asubuhi nikachukua mswaki mkuukuu, nikasugua zikiwa kavu kabisa, halafu nikafua kila doa kwa maji baridi na sabuni ya kipande. Nguo zenyewe ndizo zilizojieleza. Kitambaa laini cha buibui, kile chepesi kisichonyonya maji, kiliachia udongo wote kwa mswaki peke yake, hata sabuni haikuwa na kazi. Blauzi za pamba nyeupe zilibaki na kivuli cha rangi ya chai. Zile suruali za kitani nilizozipenda sana zilikuwa mbaya kuliko zote, maana nyuzi zake ziko mbalimbali na udongo umeingia katikati ukakaa kama mwenyeji. Sweta za kufuma vivyo hivyo. Vitenge na leso vilipita bila taabu, kwa sababu hata doa likibaki, maua yanalimeza.

Baada ya hapo sikuhitaji ushauri wa wifi wala wa ofisini. Kilichoachia udongo kilikwenda na mimi. Kilichoukumbatia nilikigawa mafungu mawili: cha kubaki ofisini kwenye kabati la mafaili, nikibadilishe nikifika, na cha kuuza au kutoa. Nguo ambayo haikuwa imevaliwa mwaka mzima lakini iliachia udongo ilipata maisha mapya, na nyingine niliyokuwa naivaa kila wiki ikaondoka.

Hapa lazima niseme habari ya jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwa sababu bado inanikera. Wiki za mwanzo kule, kanzu nyeupe ya baba watoto ilirushiwa tope na gari kwenye kona. Dada anayetufulia aliuliza dukani, muuza duka akamwambia tia jiki ya kutosha, loweka, doa litakimbia. Likawaka! Udongo huu ni mwekundu kwa sababu una chuma kilichoshika kutu, na jiki haiondoi kutu, huikoleza. Kanzu ilitoka na mabaka ya manjano kuanzia gotini hadi chini. Nimekuja kuona kwamba ushauri huu umeenea mtaa mzima, na ukipita kwenye kamba za nguo siku ya Jumamosi utaziona sare za shule zenye manjano yale yale.

Niliiokoa kanzu hivi. Kwanza niliisuuza mara nyingi mpaka harufu ya jiki ikaisha kabisa, na hili msilipuuze, jiki na ndimu zikikutana hutoa hewa inayochoma kifua. Ndipo nikakamua ndimu, nikachanganya na chumvi, nikapaka juu ya kila baka, nikaitandaza juani kwenye meza. Ikikauka narudia. Manjano yalikuwa yanafifia mbele ya macho yangu, kwanza kingo, kisha katikati. Imebaki alama moja ndogo karibu na mshono ambayo ni mimi tu ninayejua ilipo. Ndimu ni za kwenye nguo nyeupe tu, nguo ya rangi itapauka. Na tope bichi halisuguliwi. Unaliacha likauke, unalipukuta, ndipo maji.

Jambo la pili lilikuwa boda. Kutoka steji hadi nyumbani unaweza kutembea, lakini usiku au mvua ikinyesha unapanda. Buibui refu na gurudumu la nyuma ni maadui, na nimeona kwa macho yangu mama akivutwa pindo pale njia ya Kireka, akasalimika kwa sababu dereva alikuwa mwepesi wa kusimama. Fundi wangu wa cherehani Old Kampala alitaka kuyakata yote yaishie katikati ya muundi. Nikamwambia, "Fundi, hayo si mabuibui tena." Mwingine akapendekeza mpasuo mpaka juu ya goti. Huo nao nikaukataa.

Tulikaa naye tukabuni kitu, na nakieleza kwa kirefu kwa sababu kila anayekiona ananiomba nimwelekeze. Kwa ndani, kwenye mshono wa ubavuni, usawa wa goti, fundi alishona kifungo bapa, kile cha shati. Kwenye pindo, moja kwa moja chini ya kifungo, akaweka kitanzi cha lastiki nyembamba, kilichoshikwa kwa nyuzi chache tu. Kulia hivyo, kushoto hivyo. Nikitaka kupanda boda nainama, navuta kitanzi, naking'ang'aniza kwenye kifungo, buibui linapanda nusu ya muundi likiwa na mkunjo mzuri kama pazia. Ndani nina suruali nyembamba. Nikishuka natoa vitanzi, vazi linaanguka mahali pake, hakuna ajuaye. Lastiki ina sababu yake: kitu kikinasa, zile nyuzi chache zinakatika mara moja na vazi linabaki nami. Ukishona utepe mgumu kwa mishono ya nguvu umeharibu maana yote. Fundi alinitoza pesa ndogo, elfu chache kila vazi, na sasa anawashonea wengine kwa bei anayoijua mwenyewe.

Baridi ya boda pia haisemwi na watu. Kampala iko juu, kama mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na sisi tuliokulia pwani tunaisikia saa kumi na mbili asubuhi pikipiki ikikimbia. Nilihitaji koti jepesi lisilopitisha upepo, na mashati ya pamba nzito ya mikono mirefu. Hayo sikuyatafuta madukani. Nilikwenda Owino, soko kubwa la mitumba mjini.

Kuna waliojaribu kunizuia. Mwaka 2023 Rais Museveni alisema hadharani kwamba nguo za mitumba ni za wazungu waliokufa na kwamba hazitaki nchini, na tangu hapo kila nikitaja Owino kuna mtu wa kunikumbushia. Mimi naheshimu hoja ya viwanda vyetu, na vitenge na gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Kiganda, nashonesha hapa hapa. Lakini koti la upepo la bei ninayoimudu liko Owino. Soko lenyewe jina lake rasmi ni la Mtakatifu Balikuddembe, yule Mkristo wa Uganda aliyeifia dini yake, akauawa Nakivubo mwaka 1885, miezi kabla ya wenzake waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Sasa naishi njia ya Namugongo na nguo nanunua kwa Balikuddembe, na kila nikifika pale nalikumbuka hilo.

Nenda asubuhi ya siku ya kazi, wakati mitumba inafunguliwa. Bei ya saa ile iko juu, lakini unachagua kabla ya vidole vya watu wengine. Mchana wanarusha nguo chini kwa lundo na bei inaporomoka, ila zilizobaki ni zilizobaki. Vaa fulana nyembamba na suruali ya kubana chini ya buibui, ili ujaribu nguo palepale katikati ya watu bila kuhitaji pazia. Geuza ndani nje. Angalia kwapa, angalia zipu kwa kuifungua na kuifunga yote, shika mshono wa bega uvute. Mwuzaji akiniita, "Hajati, jaribu, jaribu," namwitikia kwa Kiganda changu cha kuokoteza, na bei inashuka kidogo. Koti langu lilinigharimu chini ya nusu ya nilichoambiwa dukani, na lina mfuko wa ndani wa simu.

Kingine kilichonibadilishia kabati ni miti. Old Kampala tulianika kwenye roshani, juu ya kelele za magari. Huku tuna nyasi, miembe na ua, na kuna aina ya nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zikiwa kivulini au zimetandazwa kwenye nyasi. Funza wake hupenya kwenye ngozi na kufanya jipu lenye mtu ndani. Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kiganda, ndiye aliyenionya siku ile ile ya kushusha vyombo, na namshukuru mpaka leo. Dawa yake ni pasi ya moto, mbele na nyuma, mpaka kwenye mishono na viuno, hata nguo za ndani, hata nepi. Kwa hiyo kila nguo niliiuliza swali la pili: unaistahimili pasi? Pamba ilijibu ndiyo. Shifoni na vile vitambaa vya kung'aa vinavyoyeyuka vilijibu hapana, nami nikabakisha vichache tu, ambavyo naanika ndani ya nyumba, dirisha likiwa na wavu. Umeme ukikatika tuna pasi ya mkaa, nzito, na kusema kweli inanyoosha kuliko ya umeme.

Viatu nitavisema kwa ufupi. Gambuti kwa mvua, viatu vya kazini ndani ya kavera mkononi, na ndara mlangoni. Pale taksi zinaposhushia mjini kuna vijana wenye ndoo na vitambaa wanaokusafishia kiatu kwa mia chache, lakini ukifika na kiatu safi kwenye mfuko hata foleni yao huihitaji.

Na hatimaye gomesi. Katika miaka yote ya Old Kampala sikuwa nayo, nilialikwa mara moja moja na nikavaa dira. Mtaa wa watu waliojenga ni tofauti: leo kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, kesho mazishi, keshokutwa mtoto wa jirani anaoa, nao wanakuhesabu kuwa wa kwao. Yule mama jirani alinishika mkono akaniambia kwa upole kwamba kwenye msiba wa mtaa mwanamke huja na gomesi. Tulikwenda naye mitaa ya vitambaa, Kiyembe, akanichagulia kijani kibichi iliyokolea, kwa sababu nilimwambia kuhusu udongo wangu na akanielewa mara moja. Inakula kitambaa karibu mita sita, na mabega yake yaliyochongoka yanahitaji fundi anayeyajua. Fundi wa mabuibui usimpe. Vifungo vyake viwili viko upande wa kushoto wa shingo, mshipi unafungwa chini ya kiuno, na ndani unajifunga kikoi ili kitambaa kisikushike mwilini. Vikoi ninavyo vya kutosha tangu Mombasa. Mtandio wangu ninauvaa juu yake, kama wanavyofanya Waislamu wa hapa.

Baba watoto hakutumia hata shilingi. Kanzu anazo, na kwenye sherehe za Kiganda mwanamume huvaa kanzu na koti juu. Alitoa koti lake la harusi yetu, nikalipiga pasi, akaenda kwanjula ya kwanza ya mtaa amevaa ile ile iliyopona kwa ndimu.